Uzi: Maulidi yanakuja, trei gani nioke ya kugawia watu? (Keki ya krimu wekeni kando)

Bint Mkomani (mleta uzi)

Assalaam alaykum jamaa wa humu. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uko mlangoni. Wageni wataanza kushuka gatini na mabegi yao, na nyumba za upande wa Msikiti wa Riyadha hapa Lamu zitajaa mpaka darini. Biriani, pilau na mahamri yana wenyewe, siyaingilii. Nataka tuzungumze ile sinia tamu ya jioni, inayopelekwa kwa wageni, kwa watoto wa madrasa na kwa majirani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae: keki ya duara yenye krimu haifai kugawia watu wengi mji huu. Oka trei, kata vipande vya mraba ukiwa nyumbani, vipange kwenye sinia, funika kawa, mpe kijana apeleke. Keki inataka kisu, sahani, uma na mtu wa kuikata mbele za watu, na huyo mkataji lazima atalaumiwa. Wa kwanza hupata pande kubwa lenye ua la krimu, wa mwisho hupata makombo. Kipande cha trei huliwa kwa mkono mmoja na kikombe cha kahawa mkono wa pili, na mtoto wa fulani hapati kikubwa kuliko wa fulani.

Hesabu ya trei ijueni kabla hamjawasha moto. Trei ya sentimita 20 kwa 20 inatoa vipande 16 vya sentimita tano kila upande. Trei ya 23 kwa 33 ni karibu mara mbili ya hiyo, si kubwa kidogo kama inavyoonekana kwa macho. Watu huchukua vipimo vya trei ndogo wakavitandaza kwenye kubwa, kikatoka kitu chembamba kikavu, halafu lawama wanapewa wenye oveni. Ukihamia trei kubwa, zidisha kila kitu mara mbili.

Sasa nambieni: nyinyi mnaoka nini kinachostahimili joto letu na upepo huu wa kusi wenye unyevu?

Nahodha Mstaafu

Wa alaykum salaam. Mimi nakupinga. Tuna halua, tuna kashata, tuna visheti. Ya nini kuhangaika na vitamu vya Wamarekani siku za Maulidi?

Bint Mkomani

Nahodha, karibu, nilikuwa nakungoja wewe. Halua unayoitetea ilikuja na Waomani, na tende tunazofuturia zilivuka bahari pia. Hapa kitu kikishaliwa vizazi vitatu kinakuwa chetu. Na kashata yenyewe ni nini? Humiminwa kwenye sinia iliyopakwa mafuta, hukandamizwa, hukatwa mraba au mshazari ingali vuguvugu. Hiyo ni trei tayari, imekosa oveni tu. Sikatazi kashata, naongeza ndugu zake.

Nahodha Mstaafu

Haya. Lakini halua ibaki palepale.

Bint Mkomani

Halua haiguswi, wallahi.

MpikajiMalindi

Nafuatilia kutoka huku Malindi. Sisi tumezungukwa na Waitaliano, kila kona mkahawa wa aiskrimu na kahawa yao chungu, lakini kitu kilichonisaidia zaidi jikoni ni embe. Wazungu wana vipande vya ndimu: chini unga, siagi na sukari vilivyookwa vikashikana, juu ndimu, mayai na sukari vilivyogandishwa kwa moto. Mimi sehemu ya ndimu naweka rojo la embe ngowe, lile laini lisilo na nyuzi.

Mambo mawili wasiyoyajua wengi. Kwanza, embe haina ukali wa kutosha. Usipoongeza maji ya ndimu mbili tatu linatoka tamu la kukifu, mtu hamalizi kipande. Pili, sakafu ya chini iokwe peke yake kwanza mpaka ianze kugeuka rangi, ndipo umimine rojo juu na kurudisha ndani. Ukimimina juu ya unga mbichi, chini panalowa na kubaki uji. Mayai ndiyo yanayogandisha, basi moto uwe wa wastani. Ukizidi, rojo linakatika na kutoa majimaji.

Ila nakiri hivi havifai kusafiri. Ni vya kula siku hiyo hiyo, kivulini.

Bint Mkomani

Mpikaji, hicho ni cha barazani kwenu, si cha kupakia mashuani, lakini nimekipenda. Nao wa Malindi mkija Maulidi msije mikono mitupu.

KijanaWaLangoni

Brauni zangu, vile vipande vizito vya chokoleti, zinatoka kavu kila mara. Nafuata maelezo neno kwa neno, dakika kwa dakika, naweka kijiti mpaka kitoke kisafi kabisa. Kosa liko wapi?

Bint Mkomani

Kosa liko kwenye hicho kijiti kisafi. Kijiti kisafi ni cha keki. Brauni unaitoa kijiti kikiwa na chembe zenye unyevu zilizogandamana, si uji unaochuruzika, na si kikavu. Trei ikishatoka bado ni ya moto na inaendelea kuiva ndani kwa ndani. Kwenye oveni ya nyuzi 175 hivi, trei ya 20 kwa 20 anza kuipima mapema, dakika ya 22 au 23, kwa sababu oveni zetu kila moja ina tabia yake.

Jambo la pili ni mkono wako. Siagi na chokoleti viyeyushwe pamoja, sukari na mayai vipigwe kwa mchapo mpaka vizito na vyeupe. Ile ngozi nyembamba inayong'aa juu inatokana na sukari iliyoyeyuka vizuri ndani ya mayai. Unga uwe wa mwisho, tena kidogo, uuchanganye kwa mwiko mpaka usionekane mweupe, basi, acha. Ukiendelea kukoroga, unga wa ngano unavutika kama wa chapati na brauni inakuwa ngumu.

Na kwa Nahodha, anayesema hivi ni vya Wamarekani: kweli ni vyao. Hoteli ya Palmer House ya Chicago inajinasibu kuwa brauni ilianzia jikoni kwake mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya mji ule, mke wa mwenye hoteli alipotaka kitamu kidogo cha kutiwa kwenye visanduku vya chakula vya akina mama, cha kuliwa bila sahani. Dai lao hilo. Lakini unaona shabaha ilikuwa ileile ninayoisema mimi.

KijanaWaLangoni

Dakika ya 22! Mimi nilikuwa naenda mpaka 40. Nimekupata dada.

Umm Faizi

Mnisaidie kwenye halali. Mwanangu ameona vile vipande vya mchele uliofutuka kama bisi, vinavyonata, anavitaka kwa wenzake wa chuoni (madrasa). Na hii vanila ya chupa inayotoka ng'ambo, ni sawa?

Bint Mkomani

Umm Faizi, umeuliza vizuri. Vile vinanata kwa marshmallow, zile peremende laini kama sifongo. Kampuni ya Kellogg ndiyo iliyovitoa mwaka 1939, na marshmallow hutengenezwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Ziko za ng'ombe zenye alama ya halali, lakini usome pakiti, usimsikilize muuzaji. Kama huzipati, yeyusha sukari guru na siagi mpaka itoe povu, tia ufuta uliokaangwa na ule mchele, kandamiza kwenye trei, kata. Watoto hawatauliza marshmallow iko wapi.

Vanila: ile halisi ya maji inayotoka Marekani sheria yao inataka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Mashekhe wana maneno yao juu ya hilo, mimi si wa kutoa fatwa hapa. Madukani kwetu kuna arki isiyo na alkoholi na kuna vanila ya unga. Na ukweli ni kwamba kwa sinia inayokwenda kwa watu wa Lamu, mimi vanila naiacha dukani. Iliki iliyotwangwa sasa hivi na kungumanga kidogo vinatosha, na mgeni anajua amefika pwani.

Diaspora_TO

Niko Toronto, mzaliwa wa Shela. Huku Kanada kuna kitu kinaitwa Nanaimo bar, jina la mji ulioko Kisiwa cha Vancouver. Hakiokwi. Chini makombo ya biskuti, kakao na nazi, katikati krimu ya siagi yenye kastadi, juu chokoleti. Dada mleta uzi, jaribu hicho, utashukuru.

Bint Mkomani

Kaka, nakijua na ni kitamu. Lakini wewe unakila kwenye baridi. Siagi ya kakao iliyomo kwenye chokoleti huyeyuka karibu na nyuzi 34, na siagi ya maziwa inalegea kabla ya hapo. Toka nacho Shela saa tisa mchana, pita nacho ufukweni mpaka Langoni, utafika na sinia ya mchuzi. Mafuta ya nazi ndiyo mabaya zaidi kwa kugandisha, yenyewe huyeyuka nyuzi 24 tu, na hapa usiku wenyewe mara nyingi haushuki hapo. Anayesoma mapishi ya ng'ambo yanayosema "acha mezani igande" ajue meza hiyo si yetu.

Kanada hiyohiyo lakini wana kimoja ninachokipenda kuliko vyote, vile vipande vya tende vyenye oti juu na chini. Hicho ndicho kinachofaa hapa, na leo nakitoa chote.

Kwa trei ya 20 kwa 20: tende gramu 350 zilizokwisha kutolewa kokwa, kikombe kimoja cha maji, maji ya ndimu moja. Kwa tabaka la chini na la juu: oti kikombe kimoja na nusu, unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari guru iliyopondwa au sukari ya kahawia robo tatu ya kikombe, soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki kijiko kimoja cha chai, siagi gramu 170.

Tende zipasue moja moja kwa kidole, hata zile za pakiti zilizoandikwa hazina kokwa. Ninazungumza hivi kwa sababu kuna duka liliniuzia fungu lililokuwa jema kwa nje, linang'aa, na ndani ya kila tende ya tatu kulikuwa na unga mweusi wa mdudu. Tende nzima haikuambii kitu. Ipasue, itazame kwenye mwanga, yenye vumbi itupe. Kisha zitie sufuriani na maji, moto mdogo, uziponde kwa mgongo wa mwiko zinapolainika. Baada ya dakika nane au kumi zitakuwa rojo zito, ukipitisha mwiko njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Hapo tia ndimu, epua, iache ipoe. Ndimu usiiache, bila yake tende ni utamu mtupu.

Vikavu vichanganye, siagi isugue humo kwa vidole mpaka iwe chengachenga zinazoshikana ukizifumba mkononi. Zaidi kidogo ya nusu kandamiza chini ya trei uliyotandika karatasi ya kuokea, na karatasi ipande kingo mbili ili uinyanyue baadaye. Kandamiza kwa tako la gilasi, kwa nguvu, hasa pembeni, maana pembe legelege ndiyo inayobomoka. Tandaza tende. Zilizobaki nyunyiza juu, usikandamize sana. Nyuzi 175, dakika 35 hadi 40, mpaka juu pawe rangi ya mkate uliochomwa.

Halafu sehemu inayowashinda wengi: acha ipoe kabisa. Ukikata ya moto inamwagika. Mimi naoka baada ya isha nakata asubuhi. Siku ya pili ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu unyevu wa tende unapanda kwenye oti na kila kitu kinashikana.

Umm Faizi

Oti ni ghali kwangu. Naweza kubadilisha?

Bint Mkomani

Weka nusu oti nusu nazi kavu iliyokunwa. Ukiziondoa oti zote weka nazi na suji, lakini kitakuwa na chengachenga zaidi.

Juma wa Matondoni

Mnasema nyuzi 175. Wengine hatuna oveni na stima inakatika itakavyo. Tufanyeje? Au uzi huu ni wa watu wa Mkomani tu?

Bibi wa Shela

Mwanangu Juma, tulikuwa tukioka mkate wa mayai kabla hizo oveni hazijashuka bandarini. Nitakueleza.

Chukua sufuria kubwa nzito. Tia mchanga safi mkavu, kina cha vidole viwili, kisha vijiwe vitatu vya kimo kimoja. Mchanga unazuia chini kuungua na kuilinda sufuria. Trei yako ikae juu ya vijiwe isiguse pembeni, hewa ipite. Kifuniko kiwe bapa, cha bati, kinachofunika vyema. Makaa yawe yamekwisha kukolea, yana jivu jeupe juu, usitumie yenye moshi maana kitamu chote kitanuka. Chini weka fungu moja, juu ya kifuniko mafungu mawili. Watu wanafanya kinyume, wanajaza chini, ndiyo maana chini kunaungua na juu kubichi.

Kupima moto, tia unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiingize ndani, funika. Ukigeuka rangi taratibu, sawa. Ukiungua mara moja, punguza chini. Usifunue funue. Kila ukifunua joto lote linatoka na makaa yanakudondokea ndani.

Sufuria ni ya duara, trei yako nayo itakuwa duara. Kata mistari kama kashata. Zile pembe za ukingoni zisizokuwa na umbo haziendi kwa wageni, ni za watoto wa jikoni.

Juma wa Matondoni

Shikamoo bibi. Hapo sina neno.

Bibi wa Shela

Marahaba baba.

Bint Mkomani

Shikamoo bibi. Naongeza kidogo tu: vya tende na basbusa (ile ya suji inayomiminiwa shira) ndivyo vinavyopenda makaa. Brauni kwa makaa inataka mtu aliyezoea, kwa sababu tofauti ya dakika tatu inaonekana.

MwalimuChuo

Mimi nafundisha watoto. Ombi moja kwa mnaoleta sinia: mkitia njugu, korosho au lozi, semeni. Kuna watoto wanavimba midomo na kushindwa kupumua kwa kipande kidogo tu. Mwaka uliopita sinia ilikuja imechanganywa zote pamoja na hakuna aliyejua kipi kina nini.

Bint Mkomani

Mwalimu, asante, hili ni zito kuliko yote tuliyoandika. Vyenye njugu vikae sinia yake, na kisu chake, na trei yake ipakwe siagi kwa brashi nyingine. Kutoa korosho juu ya kipande hakusaidii, chembe zimebaki. Mimi kwa sinia ya chuoni situmii njugu za aina yoyote. Hata ufuta uulizwe, kuna wanaodhurika nao.

KijanaWaLangoni

Basbusa imetajwa mara moja ikapitwa. Tupe basi.

Bint Mkomani

Basbusa kila nyumba ina yake na ukigusa ya mtu mnagombana. Neno langu moja ni shira: kimoja kiwe cha moto, kingine kiwe kimepoa. Mimi basbusa hutoka motoni, naikata mistari hapohapo, namimina shira iliyopoa. Vyote vikiwa vya moto inakuwa uji. Suji iwe ya chenga, ile laini sana inafanya keki.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote. Mama watoto anataka kujua: vya tende vinafika Faza, kule kisiwa cha Pate, vizima? Bahari siku hizi imechafuka, na kuna jamaa wanakwenda Alhamisi.

Bint Mkomani

Vinafika, Nahodha, ndivyo pekee ninavyovidhamini. Vipoe kabisa kwanza. Ukifungia vuguvugu, mvuke unapanda kwenye kifuniko unadondoka, na siku ya pili una ukungu. Panga tabaka, karatasi, tabaka, karatasi, kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Sinia na kawa ni za mtaani, mashuani rasharasha ya maji ya chumvi itaingia. Basbusa usimpe mtu wa safari, shira itamwagika kwenye mizigo ya watu. Na ndoo isikae karibu na injini wala karibu na samaki, siagi inavuta harufu upesi.

Nahodha Mstaafu

Sawa. Hao jamaa nimewaambia wapite kwako Jumatano jioni. Wana mkeka na kikapu.

Bint Mkomani

Nimesema ndoo, Nahodha, wewe unaniletea kikapu. Waje na ndoo yenye kifuniko nitaijaza. Yangu siitoi, ile niliyopeleka Faza Maulidi yaliyopita mpaka leo haijarudi, na nasikia inatumika kuwekea nguo.